Kamera ya Kindu na Uso wa Kuazima

Tangu nirudi Kisangani mmekuwa mkiniuliza swali lilelile kwa njia tofauti: iweje nisafiri hadi Kindu kununua kamera, nirudi nayo ikiwa nzima, na hadi leo nisimwonyeshe yeyote kati yenu picha hata moja? Nimejaribu kujibu kwa mdomo mara tatu, na kila mara nimejikuta nikisimulia matope ya barabarani mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo naandika. Nitaifuata njia hatua kwa hatua, kwa sababu sijui namna nyingine ya kulikaribia jambo lenyewe.

Kisangani hadi Lubutu

Utafiti wangu, kama mnavyojua, unahusu picha zinazotundikwa sebuleni, na namna mwanahistoria anavyoweza kuzitumia kama ushahidi. Kwa miaka miwili nilizinakili kwa simu, na kwa miaka miwili msimamizi wangu alinirudishia kurasa zenye neno moja pembeni: ukungu. Nilihitaji kamera ya kweli, nyepesi kiasi cha kubebeka kwenye pikipiki, na ya bei inayofikiwa na mwanafunzi asiye na mfadhili. Nilisoma kupita kiasi. Niliamua iwe ya zile za siku hizi zisizo na kioo ndani, kwa kuwa ni ndogo na zinaweza kupiga picha bila kutoa sauti yoyote. Iwe imetumika, na iuzwe pamoja na lenzi yake, maana wengi hukuuzia mwili wa kamera kwa bei ya huruma, kisha lenzi ikakufilisi. Tena niikague kwa macho yangu, kwa kuwa katika unyevu wa kwetu kuvu huota ndani ya lenzi kama inavyoota kwenye mkate.

Kisangani sikupata. Kisha mpiga picha mmoja wa Kindu, Papa Ramazani, akanijibu kwa simu kwamba anayo na anataka kuiuza kwa kuwa macho yake yamechoka. Aliomba nimtumie picha yangu ili anitambue nitakapofika. Nikamtumia. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akateremsha bei hadi nusu bila mimi kuomba, akauliza: "Dada, urefu yako njo ngapi?" Nilidhani anawaza mkanda wa kuvalia shingoni. Nikajibu kwa usahihi: mita moja na sentimita sitini na nne. Akaandika akiniita niende: "Inatosha. Kuya."

Naomba mkumbuke kwamba nililiona jambo hilo kuwa la ajabu. Nililichambua usiku mzima, nikalitafutia maelezo manne, na yote manne yalikuwa na makosa.

Gari letu lilisimamishwa kabla ya Lubutu na kizuizi cha mvua, lile gogo linalolazwa barabarani ili magari yasiichimbe njia ikiwa bado imelowa. Tulikaa pale tangu asubuhi hadi alasiri. Mwanamke mmoja muuza samaki wa chumvi, aliyekuwa amekaa juu ya mizigo yake kama hakimu, alinigawia lituma, ndizi zilizopondwa na kufungwa kwenye jani, kisha akanihoji.

"Unaenda kutafuta nini Kindu?"

"Kamera, mama."

"Kamera? Bantu ba Kindu njo banakuya kununua ku Kisangani, na weye unapanda maji! Iko bwana kule."

"Hakuna bwana, mama. Naapa."

"Munaona? Anaapa. Basi iko bwana."

Gari zima lilicheka, nami nikacheka. Mvua ilikatika, gogo likainuliwa. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho katika safari hii ninachoweza kukikumbuka bila kujikagua.

Lubutu hadi Alunguli

Kutoka Lubutu kwenda kusini ni pikipiki tu. Dereva wangu, Kizito, alikuwa mtu wa maneno machache na viraka vingi: viraka vya tairi, vya koti, hata vya kofia. Tulitumia siku tatu, tukalala Punia usiku wa kwanza na katika kijiji kimoja usiku wa pili. Kwenye madaraja ya magogo nilishuka na kutembea nyuma yake. Begi la kamera, lenye sponji ndani na bado tupu, nililikumbatia kifuani.

"Mufuko ya bule," alisema Kizito, "unaishika kama mutoto."

Siku ya tatu, mchana, tulifika Alunguli, upande wa mashariki wa mto, ambako barabara inaishia na Kindu yenyewe inaonekana ng'ambo. Nilikuwa na njaa. Karibu na gati kulikuwa na mama aliyeuza wali na sombe, lile kisamvu letu, yenye mawese mengi. Nilimwomba sahani. Alichota, akainua macho, na mwiko ukabaki hewani mpaka mafuta yakamdondokea mguuni.

"Weye," alisema taratibu. "Unarudia?"

"Ni mara yangu ya kwanza kufika hapa, mama."

Jirani yake, aliyekuwa akipepeta mchele, alinitazama kwa muda mfupi, akarudi kwenye ungo wake. "Wacha, dada. Ule angekuwa muntu mukubwa sasa. Angalia huyu, bado kijana."

"Njo ile naogopa," akajibu yule wa wali.

Nilikula nikiwa nimewapa mgongo. Nilijiambia kwamba nyuso za binadamu ni nyingi na maumbo yake ni machache, na kwamba kufanana si tukio. Baba yangu ni wa Kisangani, mama yangu wa Bafwasende. Sina ndugu yeyote ninayemjua katika jimbo hili la Maniema. Wali ulikuwa mtamu. Nauandika utamu huo kwa sababu nao pia ni ukweli.

Mwenye mtumbwi, mzee mwembamba aliyevaa kofia ya kufuma, alinivusha bila kunitazama. Nilipomnyooshea nauli hakuipokea mkononi mwangu. Aliniomba niiweke juu ya ubao, akangoja niondoke ndipo aichukue.

Kasuku

Studio ya Papa Ramazani iko Kasuku, mtaa wa Kindu, nyuma ya soko, chumba kimoja chenye pazia la bluu na kiti cha mbao. Alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye hakushtuka kuniona. Aliniangalia kama fundi anavyoangalia ubao aliouagiza, akasema, "Alhamdulillahi," kisha akaniletea kamera.

Niliikagua kwa saa nzima, na alinivumilia. Niliielekeza lenzi kwenye mwanga nikitafuta kuvu, ilikuwa safi. Nilipiga picha ya ukuta mweupe nikitafuta nukta zilizokufa, zile zisizoshika tena mwanga. Zilikuwa mbili, pembeni, zinasameheka. Nilipima betri. Mwisho niliingia kwenye mipangilio na kuzima sauti ya kifyatuo, ili nihakikishe kwamba kweli inaweza kupiga picha kimya kabisa, kama nilivyosoma. Iliweza. Nikafurahi, nikaiacha hivyo.

"Papa, kwa nini umeniuzia kwa nusu?"

Alivua miwani. Alinieleza bila haraka, na nitayafupisha maneno yake. Katika miaka ya vita, mji ulipofungwa na hakuna aliyeweza kutoka, watu wengi walipotea bila kuacha kaburi wala picha. Familia zilimjia zikiomba picha ya kuweka sebuleni siku ya kumaliza matanga. Angepiga picha gani, na mtu hayupo? Basi wakabuni njia. Alitafutwa ndugu, au hata mgeni, mwenye sura ya kufanana. Alivishwa nguo za aliyepotea, akaketishwa kwenye kiti kile. Wenyewe waliiita picha ya uso wa kuazima. Masheikh hawakuipenda, mapadri hawakuipenda, na ilitundikwa katika nyumba za waumini wa wote wawili.

"Anapoikaa ku kiti, yeye njo ule muntu," alisema Papa Ramazani. "Familia inamusemesha. Inamulilia, inamutukana, yote. Yeye hajibu. Uso tunaazima, mudomo apana. Kisha apareyi, ile kamera, inafanya *kaka!*, inaisha. Anarudia muntu yake. Anaamuka, anasalimia bantu, anakunywa maji."

Kuna mama mmoja Alunguli, akaendelea, Mama Salima. Bintiye alipotea akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, siku risasi zilipolia sokoni Kasuku na watu wakakimbilia mtoni. Mama aliingia mtumbwini akidhani binti yuko nyuma yake. Mtumbwi ukasukumwa. Alipogeuka aliona maji tu. Tangu siku hiyo amekataa hitima isomwe, na kila jioni sahani ya Salima inapakuliwa. Mwanawe mwingine, Yusufu, amemsihi miaka yote. Sura ya kufanana haikupatikana. Kisha mimi nikatuma picha yangu.

"Nilimuonyesha. Alikaa siku mbili bila kusema. Siku ya tatu akasema: muite. Kama nikimuona amekaa, nitakubali amekufa."

Nilimwambia kwamba kazi yangu yote ni kutofautisha picha ya kweli na ya uongo, na kwamba ananiomba nitengeneze ushahidi wa uongo kwa uso wangu mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu," akasema, "ule mama iko na miaka sabini. Anataka kupumuzika. Weye unataka nini?"

Nilikubali kuketi.

Alunguli, nyumbani kwa Mama Salima

Tulivuka tena asubuhi iliyofuata, Papa Ramazani akiwa amekipakata kiti cha mbao. Uani wanawake walikuwa wakipika wali wa hitima kwenye sufuria kubwa mbili. Sheikh angefika baada ya adhuhuri. Waliponiona waliweka miiko chini mmoja baada ya mwingine. Yusufu, mwanamume wa makamo mwenye mikono ya seremala, alinipokea kwa kuinamisha kichwa. Hakunisalimia. Papa Ramazani alikuwa ameshanionya: uso wa kuazima hausalimiwi mpaka umalize.

Nguo zilikuwa zimekunjwa ndani ya sanduku la bati. Kitenge cha rangi ya manjano, blauzi, kitambaa cha kichwa. Zilinuka karafuu. Zilinienea. Nilizichunguza sana nikitafuta mahali ambapo hazikunienea, kwenye bega au kiunoni, nikakosa.

Nilikaa. Papa Ramazani alisimama nyuma ya kamera yangu, na Mama Salima akaketi kwenye mkeka mbele yangu, karibu kiasi cha kugusa magoti yangu. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye macho makavu. Alilowesha kidole gumba kwa ulimi, akanifuta kitu kwenye paji la uso.

"Ulikuwa unakonda zaidi," alisema.

Nilifunga mdomo.

Alizungumza kwa muda mrefu, kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya jikoni. Alinieleza nani ameoa, nani amekufa, mti gani umeanguka juu ya choo. Alinigombeza kwa sababu ya kufuli moja niliyoipoteza. Uani mtu alikuwa akilia kwa kujizuia. Kisha akasogea.

"Salima. Nikuulize neno moja tu. Ulinigojea ku maji?"

Nilingoja ile *kaka*. Iliyopaswa kunirudisha kuwa mimi ni sauti hiyo, na sikuisikia. Papa Ramazani alikuwa ameinama, kidole chake kikibonyeza, kikibonyeza tena. Naye, kama alivyoniambia baadaye, alikuwa akingoja sauti ileile na kushangaa inachelewa wapi. Picha zilikuwa zikipigwa. Kazi ilikuwa imekwisha tangu mbonyezo wa kwanza. Lakini ni mimi niliyeizima sauti jana yake kwa ajili ya majaribio, na hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyejua kama kiti kile bado kimekaliwa na Salima au na mimi.

"Salima," alisema tena, na safari hii sauti yake ilipasuka katikati. "Ulibakia pale juu ya kunigojea miye?"

Nataka mwelewe jinsi nilivyofikiri, kwa kuwa nilifikiri, sikuropoka. Niliwaza kwamba ukimya nao ni jibu, na kwamba katika ukimya wangu atasikia ndiyo: nilikungojea, ndiyo maana nilikufa. Niliwaza kwamba amelibeba hilo tangu vita, na kwamba neno moja lingeweza kumtua. Nililipima neno hilo pande zote isipokuwa moja.

"Sikukungojea, mama," nilisema. "Nilipata mtumbwi mwingine. Nilivuka."

Papa Ramazani alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga msumari.

Mama Salima hakulia. Aliniangalia, na nikaona uso wake ukifunguka, kitu ambacho kwa dakika moja nzima nilikiita amani. Kisha akashika goti langu, akainuka, akageuka kwa mwanawe.

"Unasikia? Amevuka."

"Mama," alisema Yusufu. "Mama, huyu ni mugeni. Ametoka Kisangani."

"Najua ametoka Kisangani, miye si mujinga. Lakini aliyejibu si yeye. Hii miaka yote, bantu wangapi wameikaa ku kile kiti, nani alijibu? Hata mumoja. Huyu amejibu." Akamgeukia Papa Ramazani. "Futa ile foto. Muntu muzima haitundikwe ku ukuta."

"Mama Salima, tafazali..."

"Futa, nione."

Alifuta mbele yake. Zilikuwa nne. Niliziona zikipita kwenye kioo kidogo cha kamera: mwanamke wa kitenge cha manjano, mdomo umefungwa, umefungwa, umefungwa, umefunguka. Sikujitambua katika hata moja, na sina ushahidi tena wa kunisahihisha. Tangu siku hiyo sijapiga picha nyingine kwa kamera ile.

Sheikh alipofika aliambiwa hakuna hitima. Wali ulikuwa umeiva, hivyo Mama Salima akaamuru upakuliwe kama chakula cha kumpokea msafiri. Tulikula sote, wanawake wa uani, Yusufu, sheikh mwenyewe. Mama Salima peke yake alikula kwa hamu. Mbele ya nafasi iliyoachwa wazi kando yangu kulikuwa na sahani moja, nyama mbili juu yake, na kila aliyepita aliizunguka.

Kwenye mtumbwi wa kurudi nilimwambia Papa Ramazani kwamba nilitaka kumpunguzia Mama Salima mzigo. Aliangalia maji.

"Najua," alisema. "Kila muntu hapa alitaka kumujibu. Unazani sisi hatukuwa na huruma?"

Kuondoka Kindu

Nilikaa Kasuku siku mbili zaidi kwa sababu pikipiki ya Kizito ilikuwa imefunguliwa vipande vipande kwa fundi. Nilitaka kumrudishia Papa Ramazani kamera, akakataa. Alisema biashara ni biashara, akanifungia lenzi ndani ya kitambaa kikavu pamoja na punje za mchele mbichi ili zinyonye unyevu. Yusufu hakuja. Nilimwandikia barua, nikaichana, nikaandika nyingine fupi zaidi, na hiyo nikampa Papa Ramazani ampelekee. Sijui kama ilifika.

Siku ya tatu asubuhi nilivuka kwenda Alunguli kuianza njia ya kurudi. Tulikuwa abiria saba. Kutoka katikati ya mto nilimwona Mama Salima. Alikuwa amesimama gatini peke yake, amevaa vizuri, na pembeni mwake kulikuwa na kikapu kilichofunikwa. Yule mwenye mtumbwi alisema, bila kuambiwa na mtu, kwamba zamani mama huyo alikuwa akingoja nyumbani, na kwamba tangu juzi anakuja mtoni alfajiri na kuondoka mtumbwi wa mwisho ukishafungwa.

Nilitamani mtumbwi ugeuke. Niliwaza kwamba ataniita Salima, na nikaanza kupanga sentensi nitakayomjibu, sentensi ya kweli, fupi, isiyoacha mlango wazi. Nilikuwa nimeipata tulipogusa ukingo.

Aliwatazama abiria usoni mmoja mmoja kadiri walivyoshuka. Nilipofika mimi alinitazama kwa adabu ileile, wala hakukawia zaidi kwangu kuliko kwa wengine. Alininyooshea mkono kwa kuwa ubao ulikuwa unateleza, akanishika kiwiko mpaka nikakanyaga nchi kavu.

"Aksanti, mama," nilisema.

"Karibu, mwanangu. Hukumuona mutoto yangu mwanamuke kule ng'ambo? Amevaa kitenge ya manjano."

Nilimwambia sikumwona.

"Basi iko nyuma," alisema, akaniachia kiwiko, akausogelea mtumbwi kuangalia nani mwingine amebaki ndani.